Springi Iliyokosa Mahali Pake

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti, na anayepika apunguze moto kidogo. Leo tunamkumbuka Mzee Gaudensi Anselmo wa Kakese, hapa hapa Mpanda. Amefariki akiwa na miaka tisini na minne. Alikuwa fundi baiskeli.

Nikisema Gaudensi Anselmo, najua wengi wenu mnatikisa kichwa. Hamumjui. Nikisema Mzee Kimebaki, hapo mnaitikia. Ndiye huyo huyo. Mzee Kimebaki, fundi baiskeli wa Kakese, yule aliyemlazimisha kila mteja kuhesabu vipande pamoja naye kabla ya kuifunga baiskeli.

Mimi alinihesabisha. Nilikuwa na haraka zangu, nataka kuwahi mjini, naye akanionyesha kigoda. "Kaa chini, mwanangu. Hesabu na mimi." Tukahesabu gololi moja moja, tukahesabu nati, tukahesabu hata zile pini ndogo za mnyororo. Moyoni nikasema huyu mzee ana kasoro. Niliondoka nimenuna, lakini baiskeli ile haikunisumbua tena.

Kwa nini alikuwa hivyo? Watu wa Kakese hawakujua vizuri. Mkewe alijua nusu. Na yeye mwenyewe, wasikilizaji wapendwa, amekwenda kaburini akijua nusu tu. Hata mimi niliposimuliwa habari hii mara ya kwanza nilichanganyikiwa, nikaomba nirudiwe tangu mwanzo. Kwa hiyo nitakwenda polepole.

Turudi mwaka 1957. Gaudensi ana miaka ishirini na minane. Ametoka kwao Mpimbwe, kwenye mashamba ya mpunga, na sasa ni fundi katika karakana ya mgodi. Kila siku zamu ikiisha anapanda baiskeli yake, anarudi Kakese. Nyumbani kuna mkewe Kasilda, bado mbichi kabisa, na mtoto wao wa kwanza, Hilaria, aliye mgongoni. Kuna na cherehani. Cherehani hiyo ililetwa na treni kutoka Tabora, zawadi ya harusi kutoka kwa mjomba wake Kasilda. Hakuna aliyeruhusiwa kuweka hata kikombe cha maji juu yake.

Pale mgodini kulikuwa na mhandisi mmoja Mzungu. Jina lake la kweli tuliache. Wafanyakazi walimwita Bwana Saa, kwa sababu mtu akikohoa tu, yeye anatazama saa. Bwana Saa alikuwa na bastola ya shabaha, ya zamani sana, ya marehemu baba yake. Haikuwa ya vita wala ya kuwindia. Ilikuwa ya kupigia alama kwenye ubao. Mtutu mrefu, mpini wa mti uliong'arishwa na mikono ya watu, na inameza risasi moja tu. Unaukunja mtutu kwa mbele, unatia risasi, unafunga, unapiga. Ukitaka nyingine, unaanza upya.

Jumamosi ya wiki hiyo Wazungu wa mgodini walikuwa na mashindano ya shabaha. Wageni walikuwa wanakuja kwa treni. Bwana Saa alitaka kupiga kwa bastola ya baba yake. Lakini ilikuwa imeganda kwa mafuta makuukuu na kutu, na yeye hakuwahi kuifungua hata siku moja. Jumatatu akamwita Gaudensi.

"Unaweza kuifungua, uisafishe, uirudishe?"

"Naweza, Bwana."

Hebu lishikeni hilo. Alisema naweza. Na kweli aliweza, lakini hilo lilichukua zaidi ya miaka sitini kujulikana.

Karakana ilijaa vumbi la mawe, si mahali pa kufungulia kitu kidogo namna ile. Basi Bwana Saa akaandika karatasi ya ruhusa, aionyeshe kwa askari akisimamishwa, na Gaudensi akaipeleka bastola Kakese, tupu, bila risasi.

Jumanne mchana alitandaza kirago uani, ule mkeka wa matete. Gaudensi alikuwa na utaratibu wake. Anachokifungua kwanza anakiweka kushoto kabisa. Kinachofuata, kando yake. Hivyo hivyo mpaka kulia. Wakati wa kurudisha anaanzia kulia, anarudi kushoto. Hahesabu, haandiki. Kirago ndicho kilichokuwa daftari lake.

Akatoa vibao vya mpini. Akatoa skrubu. Akatoa springi kubwa inayosukuma nyundo, kisha nyundo yenyewe, kisha triga na springi yake nyembamba, kisha pini inayoshika mtutu. Vyote vikalala kwenye mstari. Akasugua, akapangusa, mafuta ya taa yakamwishia. Akanyanyuka kwenda kuomba kwa jirani yake, Krispini, aliyekuwa akifanya naye kazi karakana.

Akiwa huko, ikaja mvua. Ilikuwa mwezi wa tano, mvua ya kuchelewa, ile isiyo na adabu. Ilishuka kutoka milima ya Mwese bila hata kunguruma. Na nyie watu wa mpunga mnajua. Mpunga ukiwa uani na tone la kwanza likaanguka, mtu hafikiri. Mikono inafikiri yenyewe. Kasilda alikunja jamvi la mpunga, akaliingiza ndani. Akarudi mbio, akashika ncha za kirago cha mumewe, akakunja vile vile kama mpunga, akaingiza ndani.

Gaudensi alirudi ameloa, na chupa ya mafuta mkononi. Akafungua kirago. Vipande vyote vilikuwa vimerundikana katikati.

Hakugomba. Mzee Kimebaki hakuwa mtu wa kugomba. Alisema tu, "Mvua ni mvua, Mama Hilaria." Kisha akakaa chini, akaweka chupa pembeni.

Sasa hapa, wasikilizaji wapendwa, ndipo mkanganyiko unapoanza. Jumatano aliporudi kutoka kazini alijaribu kuipanga. Nyundo ikavutwa, haikusimama. Akafungua. Akapanga tena. Nyundo ikasimama, mtutu ukagoma kufunga. Akafungua. Kulikuwa na skrubu mbili zinazofanana kama mapacha, ila moja ilimzidi mwenzake kwa upana wa punje ya mchele. Ukiiweka ile ndefu penye ile fupi, ncha yake inachungulia upande wa pili na kuusukuma mtutu. Alhamisi jioni nzima ilikwenda kwa skrubu mbili. Mwisho, kabla jua halijazama, alizigeuza kwenye mwanga, akaona kila moja ina alama yake ya kutu pale ilipokuwa imekaa miaka yote, akalinganisha alama na tundu. Zikaingia.

Ijumaa jioni bastola ikakubali. Nyundo ukiivuta nusu, inakaa. Ukiivuta yote, inakaa. Ukigusa triga, inaanguka. Mtutu unafunga bila kuchezacheza. Gaudensi akacheka peke yake. Akakung'uta kirago ili akikunje.

Kitu kikaanguka.

Ilikuwa springi ndogo sana, iliyokuwa imenasa kwenye matete. Kiwaya kilichojisokota, chenye mkia mrefu, na mwisho wa mkia umepinda kama ndoano ya kuvulia dagaa. Nairudia, muishike vizuri. Kiwaya kilichojisokota, chenye mkia mrefu, mwishoni kimepinda kama ndoano.

Gaudensi hakukumbuka kuitoa. Lakini ilikuwa kwenye kirago chake, na kwenye kirago kulikuwa na bastola tu. Akafungua bastola upya. Akatafuta tundu la kiwaya kile, hakuona. Akajaribu chini ya triga, kikakwama. Nyuma ya nyundo, kikaruka. Akairudisha bastola bila kile kiwaya, ikafanya kazi kama saa. Akafungua tena. Akairudisha tena.

Bibi Kasilda anakumbuka. Nilimrekodi wiki iliyopita pale Kakese, na maneno yake ni haya: "Alikuwa kama mtu aliyepotea sokoni. Nilimwekea ugali, akanawa mikono, akaondoka bila kula. Akavaa shati nje ndani. Nikamwambia, Baba Hilaria, umevaa vibaya. Akaniambia, asante, akaenda nalo hivyo hivyo."

Krispini alimwona, akamcheka. "Kimebaki? Kitupe porini. Bastola inalia, hailii?"

"Inalia."

"Basi! Mzungu mwenyewe hajawahi kuifungua. Atajuaje?"

"Krispini, aliyeitengeneza hakukiweka kwa kupenda vitu vingi. Labda ndicho kinachozuia nyundo isianguke mtu akiwa anafunga mtutu. Leo haianguki. Na kesho ikianguka, mbele amesimama mtu?"

"Kama ni hivyo utafukuzwa."

"Najua."

"Una mtoto wewe."

"Na yule atakayesimama mbele ana mama yake."

Krispini akarudi kwake. Lakini neno lile, kimebaki, hakuliacha. Kuanzia siku hiyo akamwita Bwana Kimebaki, na Kakese nzima ikapokea.

Jumamosi asubuhi Gaudensi alifika barazani kwa Bwana Saa. Wageni walikuwa wanakunywa chai. Bwana Saa akaishika bastola, akavuta nyundo, akaiachia kwa triga. Akaukunja mtutu, akachungulia ndani, ukawa unang'aa. Uso wake ulikunjuka. Hilaria, binti wa marehemu, anasema baba yake alikuwa akifika hapo kwenye hadithi, anasita. Kwani angeweza kuondoka. Angesema kwaheri Bwana, na kazi ingekuwa yake, na nyumba ingekuwa na amani.

Akafungua kiganja. "Bwana, kimebaki hiki."

"Cha wapi?"

"Sijui."

"Cha bastola?"

"Kilikuwa kwenye kirago na bastola. Sijui kinapokaa. Nakuomba usiipige."

Bwana Saa alitazama kiwaya. Akatazama bastola. Hata yeye hakujua. Hakukuwa na kitabu, hakukuwa na mchoro, na mwenyewe, baba yake, alikwisha kufa. Akairudisha bastola kwenye sanduku lake, akafunga kwa ufunguo. Siku ile alipiga shabaha kwa bastola ya kuazima, na akashindwa vibaya.

Jumatatu alimwita Gaudensi. "Umeharibu kitu cha baba yangu," akasema. Lakini kwa kuwa naye alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, hakumpeleka polisi. Alimrudishia kile kiwaya mkononi. "Kitunze. Siku ukijua mahali pake, njoo, nikurudishe kazini. Kabla ya hapo, nisikuone."

Hivyo ndivyo Gaudensi Anselmo alivyopoteza kazi ya mgodini. Kwa kusema kimebaki.

Alikitia kiwaya kwenye kopo la tumbaku, na kopo akalitia mfuko wa shati, upande wa kushoto. Na akaanza kutafuta. Alimuuliza askari mstaafu aliyerudi kutoka vita vya Burma. Alimuuliza bruda wa misheni aliyetengeneza saa. Alimuuliza kila dereva wa treni. "Hiki ni cha bastola ya shabaha. Kinakaa wapi?" Wote waligeuza geuza, wakarudisha. Mwaka 1959 Bwana Saa akapanda treni na sanduku lake, hakurudi. Hapo kazi ya kurudishiwa haikuwepo tena. Gaudensi akaendelea kuuliza.

Akawa fundi baiskeli. Alitengeneza baiskeli za Kakese, za Mwese, na baadaye hata watu wa Mishamo walizisukuma mwendo wa siku nzima kumfuata yeye. Na kila mmoja akahesabishwa. Sasa mnajua kwa nini. Kirago kilimsaliti mara moja, basi akataka macho mawili mengine.

Kuna baiskeli, redio, bunduki za wawindaji, bawaba za kanisa, vyote vilipita mikononi mwake. Kitu kimoja tu hakuwahi kukigusa. Cherehani ya mkewe.

Cherehani ile ilikuwa inalegeza uzi. Hilaria anaeleza: "Tumekua tunamwona mama anashona kwa kubana uzi na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Huku gurudumu linazunguka, huku anabana, anaachia, anabana, anaachia. Kidole chake kina mfereji. Ukikishika unausikia. Baba akisema, lete niitazame hiyo mashine, mama anamjibu, wewe? Bwana Kimebaki? Utabakiza kipande! Tunacheka wote. Baba naye anacheka. Yanaisha."

Yaliisha hivyo kwa miaka yote, wasikilizaji wapendwa. Ikawa utani wa nyumba.

Mzee Gaudensi alifariki mwezi uliopita, amekaa kwenye kigoda chake, mbele yake gurudumu limefunguliwa. Mwenye baiskeli alikuwa anahesabu naye. Anasema walifika gololi ya saba.

Baada ya mazishi Bibi Kasilda alitaka kujishonea mwenyewe gauni la misa ya arobaini. Akakaa kwenye cherehani. Kidole kikakataa. Kimezeeka, kinatetemeka, hakibani tena. Akalia kwa sababu ya kidole zaidi kuliko alivyolia makaburini. Basi Hilaria akaibeba cherehani mpaka kwa Oswaldi, fundi cherehani wa sokoni Mpanda mjini.

Oswaldi aliitazama mara moja. "Mama, hii haina springi ya uzi. Hapa kwenye kitufe cha kukazia panatakiwa kiwaya kimejisokota, kina mkia mrefu, mwishoni kimepinda kama ndoano. Na hizi za zamani hazipatikani."

Mmesikia?

Hilaria anasema alishika meza ya watu. Kisha akapanda bodaboda, akaenda Kakese, akafungua kopo la tumbaku lililokuwa kwenye shati la baba yake, akarudi. Oswaldi akaweka kile kiwaya mahali pake. Kiliingia chenyewe. Kilikuwa kinatoshana.

Ilibidi amwambie mama yake. Alikaa mbele yake, akamwambia yote, polepole kama mimi ninavyowaambia. Bibi Kasilda alikitazama kidole chake. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu tangu mwaka 1957. Sauti ni yake, maneno ni yake.

"Siku ile ya mvua cherehani ilikuwa inakatakata uzi. Baba Hilaria ameenda kwa Krispini kuomba mafuta. Nikaona bisibisi yake imelala pale, na mimi nimemwona mara nyingi anavyofanya. Nikajiambia, siwezi mimi? Nikafungua kitufe. Vipande nikaviweka pembeni mwa kirago chake, kwa sababu nyumba hii vipande vinawekwa kwenye kirago. Nikajifanya fundi. Mvua ikaja. Nilipoingia ndani nikarudisha kitufe upesi upesi, vile nilivyoviona tu ndivyo nilivyovirudisha. Baadaye uzi ukawa unalegea. Nikasema nimeiua zawadi ya mjomba. Nikaogopa. Halafu mwenzangu akafukuzwa kazi, nyumba imejaa majonzi, nianze tena kusema habari za cherehani? Nikanyamaza. Akitaka kuifungua, namtania, asije akajua niliifungua mimi."

Nikamuuliza, "Bibi, hukuwahi kukiona kile kiwaya?"

"Nilikiona mara elfu. Nilijua ni cha Mzungu. Yeye ndiye fundi, amesema ni cha bastola, mimi nani nibishe?"

Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa, tuyaweke sawa. Bastola ile ilikuwa kamili. Gaudensi aliipanga sawasawa, kila skrubu kwenye tundu lake. Hakikubaki kitu. Alipoteza kazi kwa ajili ya springi ya cherehani ya mkewe. Akaibeba mfukoni zaidi ya miaka sitini, akiuliza dunia nzima inakaa wapi, na jioni anarudi kulala hatua tatu kutoka mahali pake. Na mkewe akabana uzi kwa kidole miaka hiyo hiyo, akifanya kazi ya kile kiwaya kilichokuwa kwenye shati analolifua kila wiki.

Mimi sijui nicheke au nilie. Bibi Kasilda alianza na kucheka. Alicheka mpaka kanga ikaanguka. "Nimelala na mtu ana springi yangu mfukoni!" Kisha akashika uso. "Maneno mawili tu, mwanangu. Nilifungua cherehani. Ningeyasema hayo mawili, angekimbia mpaka kwa yule Mzungu, apewe kazi yake."

Hilaria akamwambia, "Mama, na sisi tungehesabu gololi na nani?"

Bibi akaokota kanga yake. Siku ya pili aliomba apelekwe kaburini. Alikwenda na fimbo yake, akasimama, akamwambia mumewe kwa sauti ya kawaida, kama anamwita aje kula: "Baba Hilaria, mahali pake ni nyumbani. Umesikia? Ilikuwa yangu."

Kipindi hiki kinatoa pole kwa Bibi Kasilda, kwa Hilaria na wadogo zake, kwa wajukuu, kwa ukoo wote wa Anselmo kule Mpimbwe, na kwa watu wa Kakese. Mungu ampokee Mzee Gaudensi Anselmo, Mzee Kimebaki, mtu aliyesema kweli kuhusu kitu ambacho hata hakikuwa kosa lake. Na sisi tuliobaki, leo kabla ya kulala, tumgeukie yule tunayekaa naye nyumba moja. Tumwambie lile jambo dogo tuliloliona aibu. Huenda yeye anatembea na kipande chake.

Sina la kuongeza. Jana nilirudi Kakese, na nilipokuwa naondoka, Bibi Kasilda alikuwa anashona gauni la arobaini, nikaacha kinasa sauti kikiwa wazi. Huo mlio mnaousikia sasa ni cherehani yake. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye gurudumu. Wa kushoto alikuwa ameuweka mapajani, umepumzika.